Herufi Moja

Msafiri wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, akiisha kuiacha Mikumi na kulipita bonde la mibuyu, huuvuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia katika mji mdogo wenye joto uitwao Ruaha Mbuyuni, ambako aghalabu hakai ila muda wa kunyoosha miguu na kununua vitunguu, kwa kuwa mbele yake mlima wa Kitonga unamngojea na kona zake, na juu ya Kitonga iko Ilula, na baada ya Ilula iko baridi ya Iringa. Kwa mkaaji wa pale, hata hivyo, mji huo una kazi zake zisizojali nani anapita. Maji huchepushwa kwa mifereji mpaka kwenye majaruba. Miche hutolewa kitaluni ikapandikizwa, ikapaliliwa. Vitunguu hung'olewa, huanikwa, hukatwa majani, hupimwa kwa sado na kutiwa magunia. Na katika kazi hizo zote mikono mingi ni ya wanawake, ambao pia ndio wanaoyakimbilia madirisha ya mabasi, beseni kichwani, wakitaja bei kwa sauti ambayo injini haiwezi kuimeza.

Alasiri moja ya msimu wa mavuno nilikuwa nimeketi katika kibanda kilichoezekwa nyasi, nikingoja jua lipungue ukali, nikamwona binti mmoja ameegemea rundo la magunia yaliyoandikwa kwa wino mweusi herufi mbili za jina la kaka yake, naye anasoma. Kitabu chake kilikuwa kimekwisha kupoteza jalada, na mahali pa jalada palikuwa na karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, iliyoshonwa kwa uzi ule ule unaofungiwa midomo ya magunia. Na katika pembe za kurasa palikuwa na alama za vidole, rangi ya udongo wa majaruba, zikaniarifu pasipo mimi kuuliza kwamba kitabu hicho husomwa kwa vipande, baina ya basi na basi, na msomaji asiyepata nafasi ya kunawa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema alipouona uvuli wangu juu ya ukurasa.

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

Akanionyesha. Kilikuwa *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, naye alikuwa amefika pale Rosa anapokwenda kusomea ualimu Morogoro, mkoa ambao kutoka pale tulipoketi ni daraja moja tu kuuingia. Akanyamaza kidogo, kidole chake kikiwa bado juu ya mstari, kisha akasema: "Lakini mwalimu, huyu Rosa anafikwa tu. Kila ukurasa anafikwa. Atafika lini?"

Basi likapiga honi, naye akakichomeka kitabu katikati ya magunia, akachukua beseni, akaenda mbio. Swali likabaki na mimi, na limekaa nami hadi leo. Nimesoma na kusomesha riwaya kwa miaka mingi, na nimewahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni lile swali linalojulikana sana, kama Rosa ni mkosaji au mwathirika, nao wakajibu kwa hoja tatu za upande huu na tatu za upande ule. Lakini hakuna hata mmoja katika madarasa yangu yote aliyeugusa moyo wa fani ya riwaya kwa namna ya binti yule wa vitunguu, aliyeugusa kwa vitenzi viwili ambavyo tofauti yao ni herufi moja.

Kufika na kufikwa. Kuacha na kuachwa. Kuposa na kuposwa, kusema na kusemwa, kupiga na kupigwa. Herufi hiyo ni ndogo, hutamkwa kwa kukusanya midomo tu, lakini ndani yake umo ulimwengu mzima wa mila, kwa sababu lugha yetu, ambayo katika mambo mengi humtendea mwanamume na mwanamke kwa insafu, hapo ndipo inapowatenga. Mwandishi wa Kiingereza au wa Kiarabu akimtaja mtu kwa kiwakilishi, msomaji hujua mara moja kama ni mke au mume. Wa Kiswahili hana msaada huo wala kizuizi hicho. Alikwenda, aliwaza, alilia, alikata shauri: nani ajuaye kwa kiambishi hicho kama mwenda na mwaza ni Hamisi au ni Hadija? Nafsi katika Kiswahili ni nafsi. Walakini likija neno la ndoa, sarufi huamka usingizini na kumsimamisha kila mtu mahali alipowekwa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, mwanamume huposa, mwanamke huposwa, mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Binti hutawishwa, hufundwa, hutolewa mahari, hukabidhiwa. Hayo si makosa ya lugha, kwa maana lugha ni kioo, na kioo hakikuumba uso. Lakini kwa mwandishi anayetaka kusimulia jinsi mwanamke anavyoamka na kujitambua, kazi inaanzia hapo, katika kitenzi. Nami nimesadiki, baada ya kuzifungua tena riwaya zetu zenye wanawake mbele kwa ajili ya swali la binti yule, kwamba ustadi wa watungaji wao hupimika kwa jinsi wanavyoisafirisha roho moja kutoka katika kutendwa hadi katika kutenda, bila kuisukuma, bila kuitangulia, na bila kumdanganya msomaji kwamba njia ilikuwa fupi.

Mzizi wa fani hiyo ni mkongwe kuliko riwaya yenyewe. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia, ambao mpaka sasa husomwa kila panapotajwa ushairi wa Kiswahili. Msomaji wa zama hizi huweza kuudhika nao, kwa sababu unamfundisha binti utiifu na jinsi ya kumridhisha mume, na wako waliousoma kama hati ya kufungia wanawake. Mimi sikatai kuwa mafundisho hayo yamo. Lakini tazama ni nani anayetenda. Mama yuko kitandani, na maradhi yanamwandama, naye ndiye anayemwita mtoto, ndiye anayeagiza wino na karatasi, ndiye anayepanga neno litangulie lipi na lifuate lipi; anamfunza mwingine kutendewa ilhali mwenyewe anatenda kitendo kikubwa kupita vyote ambavyo mwanamke wa wakati wake angeliweza kutenda, nacho ni kuiacha akili yake katika maandishi. Kuna mvutano baina ya linalosemwa na mkono unaolisema, na mvutano huo ndio mbegu ya yote yaliyokuja baadaye.

Nathari ilipokomaa, Shaaban Robert aliuchukua uhai wa mwanamke mmoja na kuufanya kitabu. Wasifu wa Siti binti Saad si riwaya, kwa kuwa Siti aliishi: alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi; akaitwa Mtumwa; akachukua vyungu kichwani akaenda mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyomtangulia mitaani kabla ya yeye kuonekana; mwaka 1928 sauti hiyo ikavuka bahari mpaka Bombay ikatiwa katika sahani za santuri; akafariki mwaka 1950 akiwa na jina ambalo Afrika Mashariki nzima ililijua. Kila ninapowasikia wanawake wa Ruaha Mbuyuni wakinadi vitunguu chini ya madirisha ya mabasi, namkumbuka muuza vyungu yule, na namkumbuka pia mwandishi aliyeona kuwa mwanamke aliyeitwa Mtumwa, akaondoka akawa Siti, anastahili kuandikwa kwa taadhima ile ile waandikiwayo masultani. Shaaban Robert alimsifu zaidi kuliko alivyomwingia moyoni, nami simlaumu, maana kusifu ndiyo iliyokuwa adabu ya wakati wake. Lakini mlango wa ndani, ule ambao msomaji hupita na kumkuta mwanamke peke yake na mawazo yake, ulibaki umerudishwa.

Aliyeufungua ni Kezilahabi, na alipoufungua kelele zilikuwa kubwa. Alizaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, na riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ikatoka mwaka 1971, kijiji chenyewe kikiwa ndani yake kwa jina lake. Yaliyomo yanajulikana: baba mlevi, Zakaria, ambaye anadhani kulinda ni kupiga; mama mvumilivu, Regina, ambaye anaibeba nyumba kwa mgongo wake; binti mkubwa, Rosa, mpole na mwenye akili, anayelelewa katika hofu kali hivi kwamba siku anapotoka chini ya mkono wa baba hana chombo chochote ndani yake cha kumwongoza. Barua ya mvulana inaonekana, na Rosa anapigwa. Anakwenda shule ya bweni, anakwenda chuo, na watu wazima waliopaswa kumlea wanamtumia. Mchumba aliyemtumaini anamwacha. Mwishowe anajitoa uhai. Kwa muda kitabu hicho kilizuiwa kusomwa mashuleni, kisha zamani zikageuka kikaingia katika mitaala, na vizazi vya wanafunzi wakakisoma kwa ajili ya mtihani. Waliokizuia waliuogopa mwili wa Rosa, yaani yale yanayoupata mwili huo ukurasa hata ukurasa. Kwa bahati mbaya wengi waliokifundisha baadaye nao walibaki katika mwili huo huo, wakihesabu makosa.

Sasa msome Rosa kwa swali la yule binti. Rosa anakatazwa, anapigwa, anaandikiwa, anatongozwa, anadanganywa, anaachwa: ile herufi moja imemganda kama kivuli cha adhuhuri, kisichomtoka miguuni hata aende wapi. Wengine wamesema kwamba huo ni upungufu wa mwandishi, kwamba Kezilahabi alimpa huruma bila kumpa akili. Niliwahi kuamini hivyo. Leo naona kwamba mtungaji alikijua alichokifanya, kwa sababu kitenzi kikubwa anachokitenda Rosa kwa khiyari yake, bila ya mtu kumwamuru wala kumshawishi, ndicho kile cha mwisho, na kitenzi hicho kina kiambishi cha kujirejea. Katika Kiswahili kujua na kujiua vimeachana kwa herufi moja. Sidhani kama mwandishi mwenye sikio kama lake, mshairi aliyeyapima maneno maisha yake yote, aliupita ukaribu huo asiusikie. Rosa anapoanza kujua, yaani kuyaona maisha yake yote kwa mara moja na kumwona aliyeyapinda, hakuna mahali popote ulimwenguni alipotayarishiwa kuyatumia maarifa hayo. Ujuzi wake hauna nyumba, hauna rafiki, hauna kazi ya kufanya, basi unamgeukia mwenyewe. Ile ni riwaya ya utambuzi uliofika usiku umekwisha kuingia. Mwalimu anayeifundisha kama onyo kwa wasichana wasiotulia ameichukua taa akaigeuza fimbo, na mimi nimekuwa mmoja wa walimu hao, jambo ambalo linanihuzunisha ninapoyakumbuka macho ya wasichana waliokaa viti vya nyuma, wakaandika hoja zangu, wasiniulize kitu.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1980, Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alitoa *Utengano*, na hapo kitenzi kikaanza kutikisika. Maimuna ni binti wa Maksuudi, tajiri mwenye heshima barabarani na dhuluma nyumbani, naye ametawishwa ndani, kuta nne na baba. Mama yake, Tamima, anapewa talaka katika saa ambayo mwanamke huhitaji kila mkono wa msaada, saa ya uzazi, na kosa lake kubwa ni kusaidiwa. Kisha Maimuna anatoka. Neno hilo, anatoka, linaonekana dogo. Lakini msomaji aliyekaa naye kurasa zile za kwanza, akausikia ukimya wa nyumba ile na milango ikifungwa kwa ndani, hulipokea kwa moyo unaokwenda mbio. Hatoki kwenda peponi. Anatoka kwenda kuangukia ulevi na kuuza mwili, na mwandishi hamfichi wala hamwonei haya. Uhodari wa Said Ahmed Mohamed uko katika kutomwadhibu kwa kutoka kwake. Watungaji wengi wa kabla yake, na baadhi ya waliomfuata, mwanamke wao akishavuka kizingiti hukaa wakimngojea kaburini ili hadithi iwe funzo. Huyu anamwacha Maimuna aanguke, anamwacha atazame alikoangukia, kisha anamwacha ainuke kwa miguu yake, arudi, aolewe na Kabi akiwa mtu mwingine kabisa. Na neno kuolewa, lile lile lenye herufi ya kutendewa, katika sura hizo za mwisho limekwisha kupata maana mpya, kwa kuwa aliyelikubali amechagua. Baba anapokuja akiwa ameporomoka, kutaka radhi kwa wale aliowadhulumu, msomaji hamtazami tena baba. Anamtazama binti, apate kuona uso wake unasemaje.

Nataka kulitua jambo hili kidogo, kwa sababu ndipo ilipo fani ninayoisifu. Ufahamu wa mtu hauonekani kwa macho. Mwandishi hawezi kuuchora kama anavyochora mlima Kitonga, wala hautangaziki kwa kusema kwamba fulani sasa ameamka. Riwaya zinazosema hivyo hufanana na mkulima anayekwenda jarubani kila asubuhi kuvifukua vitunguu atazame kama vimekua. Mwandishi stadi huuonyesha ufahamu katika ile nafasi nyembamba iliyopo kabla ya kitendo: mwanamke ameshika kitasa cha mlango na bado hajakizungusha, ameinua kikombe na bado hajanywa, ameulizwa neno na bado hajajibu. Katika nafasi hiyo mwandishi huteremka, akakaa, akasikiliza, na akipata neno moja la kweli humrudishia mwanamke mwenyewe alitamke kwa lahaja yake na pumzi yake. Kazi hiyo inataka subira kubwa. Inamtaka mtungaji, na zaidi akiwa mwanamume, auzuie ulimi wake uliozoea kufasiri, na akubali kwamba mtu aliyemwumba mwenyewe anaweza kuwa na siri ambayo yeye mtungaji hajaijua.

Ustadi huo naupata katika *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na mwaka 2021 ikageuzwa filamu na Amil Shivji. Hata jina lake ni la watendaji wawili: wewe vuta, nami nikuvute. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye kwa umri angelikuwa babaye au zaidi. Tazama tena vitenzi, anaozwa, anachukuliwa Mombasa. Kisha anakimbia. Anarudi Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, ambaye katika riwaya nzima ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote, maana hana cha kumpa Yasmin isipokuwa kitanda, chakula kilichopo, na kicheko kisichomhukumu mtu. Wahakiki wengi hukimbilia mapenzi ya Yasmin na Denge, na siasa za kupambana na serikali ya kikoloni, na hayo ni makubwa kweli. Lakini nikiulizwa Yasmin aliamkia wapi, nitasema aliamkia katika chumba cha Mwajuma, asubuhi zile ambazo hakuna mtu aliyemwambia afanye nini. Nafsi iliyoamriwa tangu utotoni huhitaji kwanza mahali pasipo na amri, hata kama ni chumba cha kupanga chenye taa ya chemni, ndipo isikie sauti yake. Rosa hakumpata Mwajuma wake; laiti angelimpata.

Nimetaja waandishi wanaume wanne mfululizo, na haki inataka nigeuke. Ndyanao Balisidya alitoa *Shida* mwaka 1975, Zainab Burhani akaandika *Mali ya Maskini* na *Mwisho wa Kosa*, na Penina Muhando, mzaliwa wa Berega katika mkoa ule ule wa Morogoro unaoanzia ng'ambo ya daraja letu, aliipeleka fani hiyo jukwaani kwa tamthilia ya *Hatia* mwaka 1972. Kila mmoja wao anastahili insha yake. Elieshi Lema alipoandika *Parched Earth*, iliyotoka mwaka 2001, alimwacha mwalimu Doreen Seko ajisimulie kwa nafsi ya kwanza, mimi niliona, mimi nilitaka, mimi nilikosa. Na ingawa kitabu hicho kilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mume na mke hugawana kitenzi kimoja cha ndoa, mwanamke anayesimulia ni wa nchi hii, na unapomsoma unalisikia neno kuolewa la nyumbani chini ya maneno ya kigeni, kama sauti ya mto chini ya daraja.

Mahali pengine fani hii ilijitafutia chombo kingine, nacho ni barua. Mariama Bâ wa Senegal, katika riwaya yake ya mwaka 1979, alimweka mjane ndani ya eda, katika siku zile ambazo dini na mila humkalisha mwanamke ndani atulie, akampa daftari. Na riwaya yote ni barua anayomwandikia sahibu yake wa tangu utotoni. Kukalishwa kukageuka kukaa, na kukaa kukageuka kuandika. Nilipoisoma nilimkumbuka Mwana Kupona, naye mjane, naye amelala ndani, naye ameagiza karatasi.

Na Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, katika *Afterlives* ya mwaka 2020, anayo habari ya mtoto wa kike, Afiya, katika siku za utawala wa Wajerumani, ambaye kaka yake Ilyas alimfundisha kusoma na kuandika kisha akaenda zake vitani. Na mwenye nyumba aliyobakishwa kwake alipotambua kuwa mtoto huyo anajua kuandika, alimpiga mkononi kwa fimbo hata mkono ukaharibika. Sikuweza kuendelea na ukurasa uliofuata siku ile. Mtu yule hakuupiga mkono kwa kuwa umeiba au umevunja chombo. Aliupiga kwa kuwa umejua, na kwa kuwa mkono unaojua kuandika huweza kupeleka habari nje ya nyumba. Naye Afiya alipeleka. Aliandika maneno machache ya kuomba msaada, karatasi ikafika kwa mtu wa kheri, na akaja kuchukuliwa. Katika kitabu chenye vita, askari, na dola zinazoanguka, mimi nahesabu kikaratasi kile kuwa tukio kubwa kuliko mizinga yote, na namshukuru mwandishi kwa kutokipigia ngoma: alikiandika upesi, kwa sauti ya chini, kama vile watoto wanavyoandika wanapoogopa kuonwa.

Baina ya barua aliyopigiwa Rosa na karatasi aliyoiandika Afiya pana karibu miaka 50 ya kalamu kusafiri. Rosa aliandikiwa, Afiya aliandika.

Nilirudi Ruaha Mbuyuni msimu ulipokuwa unakwisha. Joto lilikuwa lile lile, mibuyu haijatia jani, na mahali pa magunia palikuwa na lori linapakia kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa na *Utengano* katika mfuko, nakala yangu ya zamani, nimeifunga gazeti. Binti alikuwa amesimama katikati ya wapakiaji, kanga imekazwa kiunoni, anahesabu kwa sauti, na aliponiona aliinua mkono nisubiri mpaka afike mia na kitu.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikimaliza," akasema alipokuja. "Nililia, nikakasirika, nikakianza tena."

"Marahaba. Na swali lako?"

Akafikiri, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Nadhani alifika," akasema, "ila hapakuwa na mtu pale."

Nikampa kitabu. Akalifungua gazeti kidogo pembeni, akasoma jina, akalifunga tena kwa uangalifu, akakiweka juu ya jiwe mbali na maji. Kisha dereva akapiga kelele kwamba yamebaki magunia manne hayana alama, naye hawezi kuchukua mzigo usiokuwa na mwenyewe, maana sokoni yatachanganyika. Kaka mtu hakuwapo. Yale mengine yote yalikuwa yamepandishwa na herufi zake mbili, nyeusi, zimekauka. Manne yale, akaniambia kwa haraka, yametoka kwenye majaruba aliyokodi yeye kwa fedha za beseni. Akachukua kalamu ya wino mzito kwa kijana wa lori, akapiga goti mbele ya gunia la kwanza, akaupangusa wavu kwa kiganja. Akakaa kimya kitambo, kalamu iko juu, haijagusa.

Akaandika herufi moja, kubwa, ya kwanza ya jina lake, akahamia gunia la pili.